Mvua Zimeanza, Nasi Tuanze Polepole

Hotuba kwa wafanyabiashara, madereva na wakazi wa Busia, Uganda, mwanzoni mwa Machi

Wazee wetu, akina mama wa sokoni, vijana wa boda, madereva mlioacha malori kwenye foleni ya mpakani, na ninyi ndugu zetu mnaovusha mizigo kwa viti vya magurudumu: hamjambo. Tunashukuru mmekuja, maana Machi si mwezi wa kukaa tu. Shamba linasubiri jembe, ada ya muhula wa kwanza bado inadaiwa, na wingu likitanda kila mtu anakumbuka nguo alizoanika.

Tumekuja kuzungumzia namna ya kurudisha mazoea mazuri ya kila siku baada ya miezi ambayo mambo yamelegea. Desemba tulikula na kunywa kupita kawaida. Januari na Februari jua lilitukimbiza kivulini, vumbi likatufungia ndani, na hesabu za ada zikatunyima usingizi. Sasa mtu anaona suruali inabana, anapanda kilima kidogo anatweta, na asubuhi anaamka na uchovu ule ule aliolala nao. Haya yanarekebishika. Wengi wetu tunakosea mahali pamoja: tunataka kuyarekebisha yote Jumatatu moja.

Huko Ulaya watu huzungumza habari hizi majira ya kuchipua, nao wana sababu yao. Mwezi Desemba mchana wa London ni saa nane hivi tu, na Juni unapita saa kumi na sita. Mwanga unaporudi, mwili nao unachangamka. Sisi tuko karibu na ikweta. Mchana wetu ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima, ukizidi au kupungua ni kwa dakika chache. Kinachobadilika kwetu ni mvua. Hapa Busia na kusini mwa nchi zinanyesha Machi hadi Mei. Ndugu zetu wa kaskazini, Gulu na Karamoja, huzisubiri zaidi, na msimu wao ni mmoja mrefu. Kwa hiyo mtu akikupa ratiba ya mazoezi iliyoandikwa kwa ajili ya watu wanaotoka kwenye baridi, usiichukue nzima. Yeye anaingia kwenye hali ya hewa nzuri. Wewe unaingia kwenye matope.

Hata hivyo msimu mpya una faida yake. Mwaka 2014 watafiti watatu, Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis, walionyesha kwamba watu huelekea kuanza jambo jema kwenye vizingiti vya wakati: mwanzo wa wiki, mwanzo wa mwezi, baada ya sikukuu. Kizingiti kinampa mtu hisia kwamba yaliyopita yamepita. Mvua ya kwanza ni kizingiti chetu, na mkulima analijua hilo kuliko mtafiti yeyote. Lakini kizingiti kinasaidia kuanza tu. Wiki ya pili mvua itanyesha saa kumi na mbili asubuhi, wakati ule ule uliosema utatembea, na hapo ndipo mazoea mengi ya Machi hufia.

Kwa hiyo neno letu kubwa leo ni hili: panga zoea lako kwa ajili ya siku ya mvua. Usilipange kwa siku ya jua halafu uiombee mvua isinyeshe. Yote tutakayosema yanatoka hapo.

Tuanze na muda. Chuo Kikuu cha London, UCL, Phillippa Lally na wenzake waliwafuatilia watu 96 ambao kila mmoja alichagua jambo moja dogo la kula, kunywa au kufanya kila siku. Matokeo yao yalitoka mwaka 2009. Kwa mtu wa katikati, jambo lilianza kujiendesha lenyewe baada ya siku 66. Wengine walikisiwa kuchukua siku 18 tu, wengine hadi 254. Kunywa maji kulizoeleka upesi. Mazoezi yalichukua muda mrefu zaidi. Na kuruka siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika.

Piga hesabu: anayeanza tarehe 1 Machi atafika siku ya 66 mwanzoni mwa Mei. Sehemu kubwa ya msimu wa mvua iko ndani ya muda huo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba zoea hujengeka kwa wiki tatu. Ukifika mwisho wa Machi bado unajilazimisha, hujashindwa. Uko katikati ya safari, mahali unapotakiwa kuwa.

Sasa kishikizo. Zoea jipya halisimami peke yake, linafungwa kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kufikiri. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika juu ya hili mwaka 1999: mtu anayesema “nikishafanya hiki, nitafanya kile” hutekeleza zaidi kuliko anayesema “nataka kufanya kile”. Sentensi iwe na mahali na wakati ndani yake. “Nitafanya mazoezi asubuhi” haina mahali. “Nikishafunga kufuli la mlango, natembea hadi steji ya pili ndipo napanda boda” inayo.

Kishikizo kizuri kina sifa tatu: kinatokea kila siku, kinatokea mahali pale pale, na mvua haikifuti. Kupiga mswaki ni kishikizo kizuri. Kuwasha jiko, kufungua kibanda, adhana ya alfajiri, kutia mafuta kwenye pikipiki, vyote vinafaa. “Mvua ikikatika” si kishikizo. “Nikipata nafasi” ndiyo kabisa si kishikizo. Tazameni pia kosa hili la akina mama, maana tunaliona sana: mama anafunga zoea lake kwenye kuamka watoto. Ni kweli kila siku watoto wanaamka, lakini dakika ile mikono yake imejaa, mmoja anatafuta soksi, mwingine hataki uji. Bora alifunge kwenye mlango unaofungwa baada ya watoto kutoka.

Chukua zoea moja. La pili lisubiri wiki tatu au nne, hadi la kwanza liache kukusumbua akilini. Nasi tunashauri ulianze la usingizi. Wengi hukimbilia mazoezi kwa sababu yanaonekana, lakini aliyelala kwa muda wa saa tano tu, mchana wake utamtafutia sukari, na jioni hatakuwa na miguu ya kutembea. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi za usingizi.

Usianze kwa kulala mapema, maana usingizi hauamrishwi. Anza kwa kuamka. Chagua saa moja ya kuamka na uishike siku zote saba, Jumapili pia. Mama anayewahi mboga saa kumi alfajiri inampasa awe amelala kufikia saa tatu usiku. Anayeamka saa kumi na mbili ana nafasi hadi saa tano. Kama sasa unaamka saa mbili, usiruke hadi saa kumi na mbili kwa siku moja. Rudisha dakika 15 kila baada ya siku mbili au tatu. Ukiamka, toka nje kwenye mwanga wa anga, hata kama kuna wingu, dakika 10 hadi 30. Mwanga wa asubuhi ndio unaoiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza, na saa hiyo hiyo itakuletea usingizi usiku. Wingu halizuii, mwanga wa nje siku ya mawingu bado unashinda taa ya ndani kwa mbali. Simama chini ya upenu, fagia, safisha kinywa hapo nje.

Jioni kuna maadui wawili. Simu mnaijua, iacheni ichajiwe chumba kingine, au upande wa pili wa chumba kama chumba ni kimoja. Kahawa wengi hawaidhanii. Robusta, ambayo ndiyo tunayolima kwa wingi Uganda, ina kafeini karibu mara mbili ya Arabika, na nusu ya kafeini unayokunywa huwa bado mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe cha saa kumi jioni kinakufuata kitandani saa tatu. Kahawa iwe ya asubuhi, mwisho mchana. Chai nayo ina kafeini, ingawa kidogo.

Na msimu huu usingizi hauachani na chandarua. Mvua zinaacha madimbwi, na mbu wa malaria huuma zaidi usiku. Kishikizo ni taa: ukiwasha taa jioni, teremsha chandarua na ukichomeke chini ya godoro pande zote, usisubiri mpaka unalala. Chandarua chenye dawa hukadiriwa kudumu miaka mitatu au kufuliwa mara ishirini hivi. Kinachokiharibu mapema ni ufuaji wetu: sabuni kali ya unga, dawa ya kung'arishia, kusugua kwa nguvu, kisha kukianika juani. Fua kwa maji baridi na sabuni ya mche, taratibu, na ukianike kivulini, maana jua linaiua dawa. Chandarua kipya kitundike kivulini siku moja kabla ya kulala ndani yake.

Vijana wa boda na madereva wa usiku, kwenu saa hazishikiki hivi. Mtu aliyetoka kazini alfajiri afunike dirisha kwa nguo nzito na alale saa zile zile kila siku, na kabla ya zamu apumzike dakika 20. Akizidisha huamka mzito kuliko alivyolala.

Tuje kwenye mwendo. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kazi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Wastani maana yake unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Kwa wanaopenda kuhesabu, ni hatua kama 100 kwa dakika.

Usianze na dakika 30. Wiki ya kwanza tembea dakika 10 kwa siku, siku tano. Kila wiki ongeza dakika tano: 15, 20, 25, na wiki ya tano 30. Dakika 30 mara tano ni 150, umefika, na hukuumia. Tunasisitiza dakika kumi hizo za mwanzo ingawa zinaonekana kama mchezo. Mapafu na moyo hurudi upesi, ndani ya wiki mbili unajisikia una nguvu. Kano na mifupa ya mguu huchukua muda mrefu zaidi. Hapo katikati ndipo watu huumia, kwa sababu pumzi inasema twende na muundi bado hauko tayari. Maumivu ya misuli yanayokuja kesho yake na kuisha baada ya siku mbili tatu ni ya kawaida. Maumivu ya mfupa wa mbele wa mguu yanayozidi kadiri unavyotembea si ya kawaida. Kata muda kwa nusu kwa siku kadhaa, na yasipopungua, pumzika na uonwe na mhudumu wa afya.

Viatu vya msimu huu ni shida yenyewe. Gambuti linafaa shambani, lakini mwendo wa haraka wa nusu saa ndani yake unachubua kisigino, kwa sababu mguu unateleza ndani. Ukiwa huna budi, vaa soksi mbili na ufupishe hatua. Kandambili kwenye barabara ya murramu iliyolowa ni kutafuta kuvunjika mkono. Kiatu cha kamba chenye meno, hata cha mtumba, kinatosha.

Sasa ile siku ya mvua. Iandike leo, kabla haijaja. Ukisikia mvua juu ya bati wakati wa kishikizo chako, hutembei, unafanya haya ukiwa ndani au varandani. Chukua kiti kisichoyumba, kiegemeze ukutani. Kaa, simama bila kushika kitu, kaa tena, mara 10. Halafu simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani usawa wa kifua, kunja viwiko hadi pua ikaribie ukuta, sukuma urudi, mara 10. Halafu tembea papo hapo ukiinua magoti, dakika mbili. Pumzika, rudia mzunguko mara tatu. Yote ni dakika 12 hadi 15, na siku hiyo umeimarisha misuli pia. Aprili 2020, wakati wa karantini ya korona, Rais Museveni alirekodiwa akikimbia chumbani na kupiga pushapu ili kuwaonyesha wananchi kwamba mazoezi hayahitaji kutoka nje. Ninyi msianze na pushapu za sakafuni. Ukuta kwanza, baada ya wiki nne meza imara, sakafu baadaye.

Siku ambayo hata hayo hayawezekani, mgonjwa ndani, msiba jirani, fanya mzunguko mmoja. Kukaa na kusimama mara 10 si mazoezi ya kutosha, tunajua. Kazi yake ni kukilinda kishikizo kisikatike. Siku moja ikipita bure, isikusumbue. Ya pili mfululizo ndiyo ya kuizuia.

Vijana wa boda, mnakaa juu ya pikipiki mchana kutwa mgongo umekunjwa. Kishikizo chenu ni mafuta. Kila mnapotia mafuta, shuka, sogea mbali na pampu, weka viganja kiunoni, egemea nyuma taratibu mara 10, kisha zungusha mabega nyuma mara 10. Ni dakika moja. Madereva, foleni ya malori ndiyo uwanja wenu: mguu wa kwenda hadi mwisho wa foleni na kurudi, mwenzako akiangalia gari. Na mnaosukuma magurudumu kwa mikono, dakika zenu zinahesabika sawa na za mtu mwingine, lakini kusukuma kunafanyisha kazi zaidi misuli ya mbele ya bega, na bega linaanza kuuma. Chukueni ukanda wa mpira wa tyubu kuukuu, mfunge kwenye nguzo usawa wa kifua, mshike ncha mbili na kuvuta viwiko nyuma hadi mabapa ya mabega yakaribiane. Mara 10, pumzika, mara 10 tena, siku tatu kwa wiki.

Chakula tukianzie kwenye kikombe, maana ndipo pepesi. Vijiko vitatu vya sukari, vikombe vitatu kwa siku, ni vijiko tisa, karibu gramu 36 hadi 40. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayoipata kwenye chakula, yaani karibu gramu 50 kwa mtu mzima, na ikiwezekana 25. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina kama gramu 30. Kwa hiyo chai na soda moja tayari vimekuvusha. Usiache sukari ghafla, chai utaichukia na Ijumaa utarudi palepale. Punguza nusu kijiko kila wiki mbili. Aliyeanza na vijiko vitatu, baada ya wiki sita yuko kwenye kimoja na nusu, na ulimi umeshamfuata. Kinachoharibu mpango huu ni kijiko cha mlima: mtu anasema amepunguza hadi viwili, kumbe kila kimoja kimefurika. Sawazisha kwa kisu, angalau wiki ya kwanza, ili mkono ujue.

Kwenye sahani hatuna haja ya vyakula vya dukani. Tatizo la sahani yetu ni kwamba posho (ugali), wali, matoke na kiazi kitamu vinakaa pamoja, halafu mboga inawekwa pembeni kama mapambo. Nusu ya sahani iwe mboga za majani na nyinginezo, robo iwe maharage, samaki, mayai au dagaa wa Majanji, robo iwe chakula cha wanga, kimoja, ukubwa wa ngumi yako. Anayelima au kubeba mizigo siku nzima aongeze ngumi moja, anaihitaji. Rolex, chapati yetu ya kuviringishwa na mayai, si adui. Mwombe muuzaji chapati moja badala ya mbili, kabichi na nyanya mara mbili. Chumvi ya siku nzima kwa mtu mmoja isizidi gramu tano, kijiko kidogo kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyomo kwenye viungo vya pakiti. Kuiondoa mezani pekee ni mwanzo mzuri.

Mboga za kutosha ni gramu 400 kwa siku pamoja na matunda, sawa na viganja vitano vilivyojaa. Zikinunuliwa zote ni gharama, na ndiyo maana tunataka tukae kidogo kwenye bustani ya gunia. Msimu huu maji ya kumwagilia yanakuja yenyewe, na mtu aliyepanda dodo, yaani mchicha, mlangoni kwake hula dodo.

Tafuta gunia la kilo 100 na kopo kubwa lililo wazi juu na chini. Changanya udongo mweusi karai mbili kwa karai moja ya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi itaunguza mizizi; iliyo tayari haina joto ukiishika wala haina harufu ya mavi. Kunja mdomo wa gunia, weka kopo katikati chini, lijaze mawe ya ukubwa wa ngumi, zungushia udongo pembeni hadi usawa wa kopo. Vuta kopo juu, mawe yabaki. Lijaze tena, endelea hivyo hadi juu. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo inayopeleka maji chini. Bila hiyo sehemu ya juu inafurika na ya chini inabaki kavu, na mvua kubwa ikija gunia linapasuka au kuinama. Toboa matundu ubavuni, upana wa vidole viwili, umbali wa shibiri moja, kwa mpangilio wa kupishana. Yakiwa makubwa mvua itautoa udongo wote. Miche ya sukuma wiki iingie ubavuni, mbegu za dodo zimwagwe juu na kufunikwa kwa udongo mwembamba tu. Gunia lisikae pale maji ya bati yanapodondokea, yatachimba shimo na kung'oa miche. Lisogeze hatua moja.

Dodo huanza kuchumwa baada ya wiki tatu hadi nne. Kata shina juu, acha chini majani mawili matatu, litachipua tena. Osha kabla ya kukatakata, kwa sababu ukikata kwanza sehemu ya vitamini inaondoka na maji. Kaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko kimoja cha mafuta, tia dodo, funika dakika tano, na usimwage maji yake. Kijiko cha karanga za kusaga si anasa: vitamini A ya mboga inahitaji mafuta kidogo ili iingie mwilini. Finyia limau, linausaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Na chai isishuke na chakula hicho, isubiri saa moja, kwani chai huyazuia madini hayo. Hili liwaingie hasa wajawazito na wasichana.

Maji, kwa kifupi, ingawa msimu huu ni jambo zito. Mvua inasomba vinyesi hadi kwenye visima na chemchemi, na maji yaliyokuwa salama Februari huenda si salama Aprili. Yachemshe hadi yatokote kwa nguvu dakika moja kamili. Wanaoishi milimani zaidi ya mita 2,000, dakika tatu. Yapoe kwenye chombo chenye mfuniko, yachotwe kwa kumimina, si kwa kuchovya kikombe. Jerikeni likianza kuwa na utelezi wa kijani ndani, tia mchanga na mawe madogo na maji ya sabuni, tikisa, suuza mara tatu.

Kwa wanaokunywa waragi au ajono kila siku kwa wingi, tunawaomba msiache ghafla mkiwa peke yenu nyumbani. Mwili uliozoea pombe nyingi ukikatiwa unaweza kutetemeka, kuona yasiyokuwepo, hata kupata degedege, na hilo huua. Nenda kituo cha afya uache ukiwa chini ya uangalizi. Anayekunywa mara moja moja apunguze kwa kuchagua siku ambazo hagusi chupa, na azitaje kwa wenzake wa meza.

Waislamu waliofunga Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia karibu na majira haya, wana kishikizo tayari: mwili umeshazoea kuamka alfajiri. Sikukuu ikipita msiupoteze muda ule wa daku. Mgeuze uwe muda wa kikombe cha maji na matembezi. Mwenye kisukari asifunge kabla hajapanga dawa zake na mhudumu wake.

Kuna watu ambao hawatakiwi kuanza mwendo kabla ya kuonwa: mwenye maumivu ya kifua akipanda kilima, aliyewahi kupooza, mwenye presha isiyotulia, mwenye kidonda cha mguu na kisukari, mjamzito aliyewahi kutokwa damu. Ukiwa unatembea kifua kikabana, maumivu yakaenda mkononi au tayani, au kizunguzungu kikakushika, simama, kaa chini, mwite mtu, upelekwe hospitali. Anayetumia dawa za kisukari atembee na kitu kitamu mfukoni. Akianza kutetemeka na kutokwa jasho baridi, akile mara moja. Na hakuna mwendo wala dodo inayomruhusu mtu kuacha dawa zake mwenyewe. Presha ikishuka, mhudumu ndiye atakayezipunguza.

Tukimaliza hapa, meza ya kupima presha iko pale chini ya mwembe, na wahudumu wa afya wa vijiji, VHT wetu, watawapanga. Aliyekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa iliyopita apishe wengine kwanza. Nenda haja ndogo kabla ya kuja. Ukifika, kaa dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Tutapima mara mbili, dakika moja katikati. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, usiogope na usinunue dawa dukani. Tutakuandikia urudi siku nyingine kuthibitisha. Ikisoma 180 kwa 120, huondoki peke yako, tutakupeleka. Njooni na daftari zenu za hospitali, na mzee asiyeona vizuri aje na mjukuu wa kumsomea namba. Wazee wa mbele waanze, kisha akina mama wenye watoto.